Staringi alifia kwa lifti, na watazamaji bado wanateta

Kila mtoto aliyelelewa mtaani anajua sheria ya kwanza ya muvi: staringi hafi. Atapigwa risasi begani, ataanguka kutoka ghorofa ya tano, atafungwa kamba na kuwekewa bomu mapajani, lakini picha ikikaribia kuisha atatembea polepole huku moto ukiwaka nyuma yake. Wanaokufa ni maadui, pamoja na yule rafiki wa staringi aliyesema kesho anaenda kuoa.

Mwaka wa 2002 filamu moja ya Hong Kong, Infernal Affairs, iliikanyaga sheria hiyo mchana kweupe. Zaidi ya miaka 20 imepita, na bado ukiitaja mahali penye watu wanaopenda picha za polisi, chai itapoa kwa kikombe. Wapo wanaosema hakuna muvi ya polisi iliyoisha vizuri kuliko hiyo. Wapo wanaosema waliibiwa saa moja na dakika arobaini. Halafu lipo kundi la tatu, na hapa Nairobi ni kubwa sana, ambalo halijawahi kuiona ila limeona The Departed, ile ya Wamarekani ya 2006, na linaapa kwamba hiyo ndiyo orijino.

Kama hujaona hata moja, achia hapo, kaitazame, halafu urudi. Kuanzia sasa namwaga kila kitu.

Hadithi iko hivi. Bosi wa genge aitwaye Sam anachukua vijana wake wasio na rekodi ya uhalifu na kuwatuma wajiunge na polisi. Mmoja wao ni Lau Kin-ming, ambaye amechezwa na Andy Lau. Wakati huo huo, wakubwa wa polisi wanamchagua kurutu mmoja mwerevu chuoni, Chan Wing-yan, wanajifanya wamemfukuza, kisha wanamtuma akaishi na magenge kama askari kanzu. Huyo ni Tony Leung. Kama wewe ni wa juzi, ndiye yule baba mtu kwenye Shang-Chi ya 2021.

Miaka kumi inapita. Mwizi amekuwa inspekta wa kupigiwa mfano: suti safi, nyumba mpya, mchumba. Polisi wa kweli ana ndevu ambazo hazijanyolewa, ana kesi za kupiga watu, na analazimika kumwona daktari wa akili. Akifika kliniki analala tu kwa kiti, kwa sababu hapo pekee ndipo anapata usingizi. Mtu mmoja tu duniani anajua kwamba ni polisi: afande Wong, ambaye hukutana naye juu ya paa la jengo.

Kisha usiku mmoja biashara ya unga inaharibika, na pande zote mbili zinang'amua kwa pamoja kwamba kuna pandikizi ndani. Sam anamtafuta wake. Polisi nao wanamtafuta wao, na kazi hiyo wanampa nani? Lau. Yaani jamaa anapewa ofisi, vijana na mafaili ili ajitafute mwenyewe.

Kuna sehemu ya mwanzo ambayo watu wengi huipita. Yan anatoka langoni mwa chuo na mizigo yake, wenzake wakiwa wamejipanga mstari, na mkufunzi anauliza kama kuna yeyote anayetaka kubadilishana nafasi na yule anayefukuzwa. Lau anamtazama akitoka, na kimoyomoyo anataka. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hapo huwa nanyamaza kidogo. Tofauti ni kwamba Yan alikuwa na afande aliyejua kwamba yote ni maigizo. Mimi mama aliniuliza ukweli ni upi, na ukweli ulikuwa ni huo huo aliokuwa akiuona.

Wa kwanza kulalamika kuhusu muvi hii huwa ni watu wa ngumi. Kwenye bango wameona wanaume wawili na bunduki, wakajua watapata risasi mpaka asubuhi. Wakakuta watu wazima wanashika simu. Nawaelewa. Kizazi cha vibanda vya video kilifundishwa kwamba Hong Kong ni Jackie Chan akiruka madirisha, au Hard Boiled ya John Woo ya 1992, ile ya vita vya hospitalini. Humo pia Tony Leung alikuwa polisi aliyejificha ndani ya genge, na risasi alizopiga zingetosha muvi sita. Na kwa wale waliozoea picha zikisimuliwa na DJ Afro, ambaye anaweza kufanya hata mtu kufunga kamba za viatu kuwe vita vya dunia, Infernal Affairs inaweza kuonekana kimya mno.

Lakini nenda kaitazame tena ile sehemu ya unga. Sam na vijana wake wako ndani ya nyumba, polisi wako kwa ofisi na vidude vya kunasa mawasiliano. Yan, akiwa mita chache tu kutoka kwa bosi wa genge, anamtumia afande Wong habari kwa kugongagonga kidole, kwa alama za simu za zamani za upepo, tik tik tik. Upande wa pili Lau, akiwa amekaa katikati ya polisi, anamwarifu Sam kwa simu. Hakuna risasi hata moja. Vidole tu. Na mimi sijawahi kuona mtu akienda kununua soda wakati huo.

Kisha kuna ile ya duka la redio. Yan anasaidia kuuza duka la vyombo vya muziki, Lau anaingia kutafuta spika, na hawa wawili, bila kujuana, wanakaa bega kwa bega kwenye sofa wakisikiliza wimbo wa zamani. Wanazungumza kuhusu waya. Basi. Watu wakiulizwa kwa nini wanaipenda muvi hii zaidi ya ile ya Marekani, wengi huenda moja kwa moja kwa hiyo sofa. Kwa dakika chache hakuna polisi wala mwizi pale, ni majamaa wawili wa miaka thelathini na kitu ambao kama maisha yangekuwa tofauti wangekuwa marafiki. The Departed haina sehemu kama hiyo. Ina kelele nzuri, ina matusi ya kiwango cha juu, lakini sofa haina.

Sasa tuje kwa lifti.

Wong ameshauawa. Ametupwa kutoka juu ya jengo akaangukia paa la teksi mbele ya macho ya Yan, ambaye hawezi hata kumkimbilia kwa sababu genge liko pale pale. Sam naye amekufa, amepigwa risasi na Lau, maana Lau ameamua kwamba anataka kuwa polisi wa kweli na hataki mtu anayejua alikotoka. Yan anafika ofisini kwa Lau akidhani mateso yameisha. Anaona bahasha juu ya meza, bahasha yenye neno ambalo yeye mwenyewe alilisahihisha mbele ya jamaa wa genge asiyejua kuandika vizuri. Anaelewa. Anaondoka kimya. Lau akirudi anakuta kiti kitupu, naye anaelewa kwamba ameeleweka. Anaingia kwenye kompyuta na kulifuta faili la Yan. Kidude kimoja, mara moja, na miaka kumi ya mtu imepotea.

Wanakutana juu ya paa. Lau anaomba nafasi ya kuanza upya, awe mtu mzuri. Yan anamwambia hayo akayaseme kortini. Wanaingia kwa lifti, Yan akiwa ameshika bunduki, na kabla hujapumua anapigwa risasi ya kichwa na polisi mwingine, ambaye kumbe naye alipandikizwa na Sam zamani. Staringi amekufa. Hana maneno ya mwisho, hana muziki, hana mchumba wa kumshika kichwa. Milango ya lifti inajaribu kujifunga, inagonga mwili wake, inafunguka, inagonga tena. Lau anammaliza yule mwenzake ndani ya lifti, anatoka nje akiwa ameinua kitambulisho chake cha polisi, na wote wanamwamini.

Huo ndio mwisho walioona watu wa Hong Kong. Uchina Bara hawakuuona. Huko wakaguzi wa filamu hawataki mhalifu atoke akiwa msafi, kwa hivyo ulitengenezwa mwisho mwingine: Lau anatoka kwa lifti, anawakuta wenzake wanamsubiri na ushahidi mkononi, anakamatwa. Na Wamarekani walipoichukua hadithi wakaweka mwisho wao wa tatu. Leonardo DiCaprio anakufa kwa lifti vile vile, lakini Matt Damon, ambaye ndiye Lau wa Boston, anarudi nyumbani na mfuko wa vitu vya dukani, anamkuta Mark Wahlberg amesimama sebuleni amevaa vifuniko vya viatu, na anamalizwa. Halafu panya anapita kwenye ukingo wa dirisha.

Yule panya! Kwa mashabiki wa The Departed hakuna kinachogombanisha kama yule panya. Kwa Kiingereza cha Marekani msaliti huitwa panya, kwa hivyo Martin Scorsese alikuwa anatuambia jambo ambalo tulikuwa tumeambiwa kwa saa mbili na nusu. Kuna shabiki aliyekerwa mpaka akaanzisha mchango wa mtandaoni ili panya huyo afutwe kwa kompyuta. Simlaumu.

Kwa hivyo tuna miisho mitatu ya hadithi moja, na ukiwauliza watu wanataka upi utajua wanaishi wapi. Kinyozi wangu, ambaye ameweka The Departed kwa skrini ya kinyozi mara nyingi kuliko habari za saa moja, yuko na Wahlberg. Anasema msaliti lazima alipe, hata kama anayemlipisha amevunja sheria. Binamu yangu, ambaye ni msichana mpole anayesoma sheria na hawezi kuua mende, naye yuko na Wahlberg. Mwisho wa Uchina Bara, kusema kweli, sijapata anayeutaka. Nilipowaonyesha wawili watatu, walicheka. Polisi kumkamata polisi mwenzao papo hapo, mlangoni mwa lifti, ushahidi ukiwa umekamilika? Kicheko chenyewe kilikuwa maoni tosha.

Wengi wa rika langu wanachagua ule wa Hong Kong, na si kwa kuupenda. Wanasema ndio pekee wanaouamini. Mkubwa ana kitambulisho, anakiinua juu, kila mtu anapunguza bunduki. Ni nani atamuuliza?

Lakini usidhani watu wa Hong Kong walibuni maumivu hayo hewani. Wakati Waingereza wakitawala huko, polisi walikula hongo waziwazi mpaka ikawa kama kodi. Mwaka wa 1973 afisa mkubwa wa polisi, Mwingereza Peter Godber, alitoroka akiwa anachunguzwa kwa mali ambayo mshahara wake haungeweza kuinunua. Wananchi waliandamana, na Februari 1974 ikaundwa tume huru ya kupambana na ufisadi, ICAC. Godber alirudishwa mwaka wa 1975 na akafungwa. Andy Lau mwenyewe alikuwa ameshacheza polisi fisadi wa enzi hizo katika Lee Rock ya 1991, kwa hivyo watazamaji wa huko walipomwona tena na suti ya afande walikuwa na sababu ya kukaa macho.

Na kuna jambo ambalo naona wachambuzi wengi wanaliruka. Mwaka wa 1977 polisi wa Hong Kong walichoka kuchunguzwa. Waliandamana, wengine wakavamia ofisi za ICAC. Gavana akarudi nyuma: akatangaza kwamba makosa mengi ya rushwa yaliyofanywa kabla ya Januari 1 mwaka huo hayatafuatiliwa tena. Yaani maelfu ya maafande waliokula waliambiwa waanze upya. Sasa mrudie Lau pale juu ya paa akiomba nafasi ya kuwa mtu mzuri. Mtazamaji wa Nairobi anamwona mwongo anayebembeleza. Mtazamaji wa Hong Kong mwenye umri wa kutosha anajua kwamba jiji lake liliwahi kumpa mtu kama huyo jibu la ndiyo, na kwamba baadaye polisi hao wakawa na sifa nzuri. Ombi lile ni zito kuliko linavyoonekana.

Ongeza na hili: Hong Kong ilirudishwa kwa Uchina Julai 1997. Muvi ilitoka miaka mitano baadaye, ikiwa na watu wawili wasiojua tena wao ni nani. Wachambuzi wamelisema hili mpaka limechakaa, ila halijaacha kuwa kweli. Sinema za Hong Kong zilikuwa zinayumba wakati huo, na hii ikajaza kumbi, ikakusanya takriban dola milioni 55 za huko, kisha ikabeba tuzo saba za filamu za Hong Kong mwaka wa 2003, pamoja na ya muvi bora na ya mwigizaji bora kwa Tony Leung.

The Departed nayo ina mizizi yake, na tusiidharau. Scorsese aliipeleka Boston kwa Wamarekani wenye asili ya Ireland, na yule bosi wa Jack Nicholson amechotwa kwa sehemu kutoka kwa James "Whitey" Bulger, jambazi wa kweli wa Boston aliyekuwa mtoa habari wa FBI huku akiendelea na biashara zake. Afisa wa FBI aliyekuwa akimlinda alifungwa. Bulger alijificha miaka mingi, akakamatwa California mwaka wa 2011, akauawa gerezani mwaka wa 2018. Kwa hivyo Wamarekani walikuwa na Lau wao wa kweli, tena mwenye beji ya serikali kuu.

Muvi hiyo ilishinda Oscar nne mwaka wa 2007, ikiwemo ya muvi bora, na ya kwanza ya uongozaji kwa Scorsese baada ya miaka mingi ya kuachwa mikono mitupu. Usiku huo huo mtangazaji wa sherehe akasema hadithi imetokana na filamu ya Kijapani. Kijapani! Mashabiki wa Hong Kong hawajasahau mpaka leo, na mimi pia nimeamua kutosahau kwa niaba yao.

Kwa uigizaji, vita ni Tony dhidi ya Leo. DiCaprio anatetemeka, anatoa jasho, anameza vidonge, unaona hofu kutoka kona ya pili ya barabara. Wanaompenda wanasema hivyo ndivyo mtu aliyejificha kati ya wauaji anavyokaa. Wanaompinga, na mimi nimo, wanauliza swali moja dogo: kama anatetemeka hivyo, genge lilikuwa linaangalia wapi? Tony Leung hatetemeki. Anachekacheka, anakula, anatania vijana. Uchovu uko machoni tu, na hata huko ameuficha. Huyo ndiye anaweza kudumu miaka kumi. Nicholson naye amegawanya watu: kuna wanaosema amebeba picha, kuna wanaosema alikuwa kwa muvi yake binafsi. Nampa Eric Tsang kura yangu, yule Sam mfupi anayetabasamu. Ananitisha zaidi akiwa kituo cha polisi anakula chakula kilicholetwa, mbele ya maafande waliomkamata, kama mtu aliyekuja kutembelea shemeji.

Wanawake ndio walionyimwa haki katika muvi zote mbili, na hapa marafiki zangu wa kike hawana subira. Hong Kong iliweka wawili, mchumba wa Lau na daktari wa Yan, na hakuna aliyepewa muda. Marekani iliwaunganisha wawili hao wakawa mmoja, Vera Farmiga, ambaye kwa bahati ya ajabu anaishi na msaliti na kumtibu shujaa. Boston nzima, daktari wa akili ni mmoja!

Mashimo mengine kwa hadithi mnayajua. Kwa nini faili la mtu muhimu hivyo likae kwa kompyuta moja? Kwa nini Yan asitafute afande mwingine? Kwa nini amwarifu Lau kabla ya kumkamata? Jibu la mashabiki sugu ni kwamba mtu aliyeishi miaka kumi akimwamini mtu mmoja tu hawezi kujifunza ghafla kuwaamini wawili. Naikubali nusu.

Lakini mazungumzo ambayo yamenikaa zaidi ni ya hapa kwetu, na hayahusu mashimo. Kuna jamaa mwenye duka la muvi, wale wachache waliobaki ambao bado wanakujazia flashi, aliyenieleza kwamba muvi za askari kanzu haziendi kama zamani. Wateja wake vijana wanachukua za mapepo, za Wakorea, za mapenzi. Ukimpa muvi ambayo shujaa ni polisi asiye na sare, kijana anauliza kwanza kama atakufa.

Si fumbo. Mhindi au Mmarekani akisikia askari kanzu anamwaza mtu aliyejitoa mhanga. Sisi tunawaza Subaru isiyo na nembo na wanaume waliofunika nyuso. Kwenye Nairobi Half Life ya 2012, muvi ambayo kila mtu wa rika langu ameiona angalau mara mbili, polisi wanakula na wezi, kisha wanawageuka. Hakuna aliyetoka akisema wametia chumvi. Kikosi cha SSU cha idara ya upelelezi kilivunjwa Oktoba 2022 kwa madai ya mauaji na watu kupotea. Wakati wa maandamano ya Juni 2024 tuliona kwa simu zetu vijana wakibebwa na watu ambao hakuna aliyeweza kusema ni nani. Baada ya kuona hayo, uniambie nimhurumie polisi aliyejifanya mwizi?

Rafiki yangu mmoja anakataa kabisa. Anasema Yan ni hadithi ya watoto: hakuna mtu atakayekula na genge miaka kumi, apige watu miaka kumi, na abaki polisi moyoni. Lau ndiye mtu wa kweli, na kosa la muvi ni kumwita adui.

Sikubaliani naye, na sababu yangu ni lile faili. Watu wanakumbuka risasi, lakini Yan aliuawa mara mbili, na ya kwanza ilikuwa kwa kompyuta. Lau alipolifuta, Yan akawa jambazi wa kawaida mwenye rekodi ndefu. Kama angekufa usiku huo barabarani, angeandikwa hivyo, na hakuna mtu hai ambaye angeweza kupinga. Hicho ndicho anachokipigania juu ya paa. Haombi pesa wala cheo. Anataka iandikwe mahali kwamba alikuwa nani.

Na hilo Mkenya analielewa bila maandishi ya chini ya skrini. Familia zilizotembea kutoka kituo kimoja hadi kingine zikimtafuta mtoto wao ziliambiwa nini? Hayuko kwenye OB. Jina halimo. Hakuna aliyemleta. Mtu aliyebebwa mchana mbele ya watu anageuka kuwa mtu ambaye hakuwahi kufika popote, kwa sababu tu kuna kalamu ambayo haikuandika. Huko Hong Kong faili lilifutwa, hapa ukurasa haukujazwa. Nikimwambia rafiki yangu hivyo anasema nimehama upande, kwamba sasa nimemfanya polisi kuwa mwenzake na mtu aliyepotezwa na polisi. Pengine. Lakini Yan naye alifutwa na polisi, akauawa na polisi, na aliyempigia saluti kaburini ni polisi aliyemfuta.

Ile saluti ndiyo ugomvi ambao hatujaumaliza. Mwishoni jina la Yan linarudishwa, anazikwa kama afisa, na Lau amesimama pale na sare akiinua mkono. Wengine wanaona dharau. Wengine wanaona aibu. Mimi naona mtu anayempigia saluti yule ambaye alitaka kubadilishana naye nafasi tangu siku ile langoni. Waandishi nao ni kama walikuwa na wazo la aina hiyo, kwa sababu katika sehemu ya tatu, iliyotoka 2003, Lau anachanganyikiwa kiasi cha kujiona yeye ndiye Yan. Sehemu hiyo ya tatu yenyewe imevurugika, inaruka mbele na nyuma mpaka unahitaji daftari. Ya pili, ya mwaka huo huo, inarudi kwa ujana wao na ni nzuri zaidi.

Ukitaka kuanza, anza na ya kwanza, kwa Kikantoni, na uwashe maandishi. Ile iliyowekewa sauti za Kiingereza ni dhambi. Na simu iweke mbali, kwa sababu ile ya kidole ikikupita utakuwa unauliza maswali mpaka kwa lifti, na hapo kila mtu atakuwa amenyamaza.